Meli Moja kwa Watu 50,000

Mei 2015, Kagunga ilikuwa na hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeweza kuimaliza. Kijiji hicho cha wavuvi kiko kaskazini ya Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Nyuma yake milima imesimama wima, na wakati ule barabara ya gari haikuwapo. Warundi waliokimbia ghasia zilizofuata uamuzi wa Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu walikuwa wakifika hapo kwa miguu na kwa mitumbwi, hadi makadirio yakagonga watu 50,000. Chombo kikubwa kilichopatikana cha kuwatoa kilikuwa MV Liemba, ambayo ilikuwa ikipakia watu 600 hivi kwa safari moja kwenda Kigoma mjini. Gawanya. Zinatoka safari 80 na ushei. Kagunga haikuwa na gati la meli ya ukubwa ule, kwa hiyo kila mzee, kila mjamzito na kila furushi lilipakiwa kwanza kwenye boti ya mvuvi, kisha likavutwa juu melini ikiwa imetia nanga. Hata kwa safari mbili kwa siku, mtu wa mwisho angeondoka baada ya siku 40. Na hapo tumejifanya kwamba hakuna mkimbizi mpya anayeingia.

Kipindupindu hakikungoja siku 40. Kufikia tarehe 22 Mei, wagonjwa walikuwa 3,000 na waliofariki 31, wakiwamo wakimbizi 29 na wenyeji wawili. Kila siku ziliongezeka mamia ya wagonjwa wapya.

Mkasa ule hauna mhalifu wa kumnyooshea kidole, na ndiyo maana unafundisha zaidi kuliko mingine mikubwa. Tanzania haikufunga mpaka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuwapo, Msalaba Mwekundu ulikuwapo, madaktari walikuwapo. Mjini Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha mapokezi, na mabasi yakawapeleka watu kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Tatizo, kwa ninavyousoma mkasa huu, ni kwamba Kagunga ilihesabiwa kuwa mahali pa kupita. Foleni ya wiki sita si mahali pa kupita. Ni kambi, hata kama hakuna aliyeipa jina hilo, na ilistahili kupewa maji na vyoo vya kambi tangu siku ya kwanza.

Viwango vinajulikana. Vinavyoitwa viwango vya Sphere vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na mwanzoni mwa dharura choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 50. Kwa Kagunga hiyo ni lita 750,000 za maji kila siku, pamoja na matundu ya choo 1,000 kwenye kipande cha ufuko kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Haiwezekani? Pengine kweli haikuwezekana. Lakini mtu akishaona kwamba haiwezekani, anajua papo hapo kwamba meli ya pili na ya tatu si anasa, na kwamba klorini, madumu na maji ya chumvichumvi vinatakiwa vifike kabla ya mablanketi. Ratiba ya chombo cha usafiri ndiyo inayoamua ukubwa wa huduma ya afya. Waratibu wengi bado wanaviweka vitu hivi viwili kwenye vikao viwili tofauti, vyenye wenyeviti wawili na bajeti mbili.

Viwango hivyo vyenyewe vilizaliwa na vifo vya ukanda wetu. Julai 1994, ndani ya siku chache, Wanyarwanda wapatao laki nane hadi milioni moja walivuka kuingia Goma, nchini Zaire, yaani Kongo ya leo. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano: huchimbi choo, huchimbi kisima, wala kaburi. Ziwa Kivu lilikuwa mbele yao, na wakalinywa. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokaribia 50,000 katika mwezi wa kwanza. Dunia ilileta kila kitu Goma: ndege, wanajeshi, mashirika yasiyohesabika, mengine yakiwa na bendera kubwa kuliko shehena zao. Tathmini kubwa ya pamoja iliyotolewa mwaka 1996 ililaumu mambo mengi, na moja lilikuwa hili la kila shirika kujifanyia lake bila kuwajibika kwa yeyote. Mwaka uliofuata mradi wa Sphere ukaanza.

Nani basi mwenye kusema "wewe chimba vyoo, wewe lete boti, na wewe kaa pembeni kwanza"? Kwa karatasi, jibu lipo. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1991, liliunda cheo cha mratibu mkuu wa misaada ya dharura. Mwaka 1998 ofisi yake ikawa OCHA. Mwaka 2005 ukaja mfumo wa kugawana sekta: UNICEF iongoze maji na usafi, Shirika la Afya Duniani liongoze afya, Shirika la Mpango wa Chakula, WFP, liongoze usafirishaji wa mizigo, na kuendelea. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu. Yote haya lakini ni kwa walio ndani ya nchi yao. Mtu akivuka mpaka, anahamia mikononi mwa UNHCR na serikali ya nchi iliyompokea, na jedwali zima linabadilika.

Angalia maana yake kwa familia moja. Februari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakisonga kusini baada ya kuchukua Goma na Bukavu, watu walivuka Mto Rusizi kuingia mkoa wa Cibitoke, Burundi, baadhi yao wakiyakata maji kwa miguu na kwa kuogelea. Ndani ya wiki chache walipita 60,000, na maelfu yao walilazwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Chukua mama mmoja kati yao: asubuhi ni mkimbizi wa ndani, chini ya mratibu aliye Kinshasa. Jioni ni mkimbizi kamili, chini ya mratibu aliye Bujumbura. Kadi yake ya mgao haivuki naye. Dawa za kifua kikuu alizoanzishwa Kivu hazina faili Cibitoke. Mtoto aliyepotezana naye njiani yuko kwenye daftari la ng'ambo ya pili, kama yuko kwenye daftari lolote. Mto wenyewe haukuwatenga watu hawa kiasi hicho. Mfumo ndio uliowatenga. Msalaba Mwekundu, ambao una chama chake kila upande na kazi ya siku zote ya kuunganisha familia, ni miongoni mwa vyombo vichache vinavyoweza kuifuata familia kama ilivyo.

Kisheria mkimbizi wa ndani ndiye mnyonge zaidi. Aliyevuka mpaka ana Mkataba wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Aliyebaki nchini mwake alikuwa na miongozo tu, ile ya mwaka 1998, hadi Afrika ilipotunga Mkataba wa Kampala mwaka 2009, ambao ulianza kutumika Desemba 2012. Ni mkataba wa kujivunia, wa kwanza wa aina yake kwa bara zima. Lakini unampa jukumu la kwanza la ulinzi mwenye nchi, na mara nyingi mwenye nchi ndiye upande mmoja wa vita, au hana hata askari mmoja katika mji unaohusika.

Sasa njoo kwenye orodha, jambo ambalo linaonekana kazi ya karani na kumbe ndilo kiini cha madaraka yote. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Hapo mambo ya mwanzo yalikwenda vizuri kuliko Goma, kwa sababu moja isiyo na maajabu: tangu Warundi walipoingia mwishoni mwa 1993, wilayani tayari kulikuwa na chakula ghalani na watu wa misaada waliokwishaijua njia. Kambi ya Benaco ikasimama. Ila ili kugawa chakula kwa umati ule haraka, mashirika yalitumia njia iliyokuwapo: watu walijipanga kwa wilaya na kata zao za nyumbani, na viongozi wao wakaleta majina. Viongozi hao, baadhi yao, ndio waliokuwa wameongoza mauaji ya kimbari wiki chache nyuma. Aliyeshika orodha alishika unga. Aliyeshika unga aliamua nani atarudi nyumbani na nani atabaki kama ngao. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walijitoa katika kambi za Zaire na Tanzania kabla mwaka haujaisha, wakisema hawatalisha jeshi la wauaji. Wengine walibaki, wakisema hawatawaacha watoto wafe kwa dhambi za viongozi. Mimi nawaelewa wote wawili, na sioni kama kuna aliyekuwa na jibu safi. Somo la kiutendaji liko wazi zaidi kuliko la kimaadili: mgao uende kwa kaya moja kwa moja, tena mikononi mwa mama mwenye nyumba, na uandikishaji ufanywe na mtu asiyekula kupitia orodha hiyo.

Leo kuna alama za vidole na picha za mboni za macho, na wizi wa majina hewa umebanwa sana. Hofu imehamia kwingine. Daftari lenye vidole vya maelfu ya watu waliokimbia upande fulani likiangukia mikononi mwa upande huo, ni hatari ambayo daftari la karatasi la Benaco halikuwa nayo.

Kuhamisha watu wenyewe kunahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: orodha, chombo, na mahali pa kupokelea. Sudan, Aprili 2023, ilionyesha tofauti kati ya mwenye vitu hivyo na asiye navyo kwa uwazi wa kuumiza. Vita vilipolipuka Khartoum, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walirudi nyumbani ndani ya wiki mbili hivi: majina yalijulikana, mabasi yakapatikana hadi mpaka wa Ethiopia, ndege ikawachukua. Nchi nyingi ziliwatoa watu wao namna hiyo hiyo. Msudani wa kawaida wa Khartoum hakuwa na kimoja kati ya vitatu hivyo. Kilichomwokoa, kama kiliwahi, ni vijana wa mtaani waliounda vikundi vya dharura vya kujitolea, wakapika vyungu vya pamoja, wakatafuta mafuta ya gari, wakaelekezana kwa simu barabara ipi asubuhi hiyo haina kizuizi. Mwaka 2025 walitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Tuzo ni nzuri. Mafuta ya gari yangekuwa mazuri zaidi.

Halafu kuna ruhusa. Njia salama za kupitishia raia haziko salama kwa sababu zimechorwa kwenye ramani. Ziko salama pale tu wenye bunduki wote wawili, na makamanda wao wa vizuizini, wamekubali saa ileile na barabara ileile. Mkataba wa Nne wa Geneva, kifungu cha 17, unazitaka pande za vita kujaribu kuafikiana ili wagonjwa, wazee, watoto na wajawazito watolewe katika eneo lililozingirwa. Ni kazi ya siku nyingi za simu, na huwa inavunjika kwa risasi moja. Ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inang'ang'ania kuzungumza na kila mtu, hata wale ambao serikali inawaita magaidi, na ndiyo maana inalaumiwa kila mara. Tarehe 30 Aprili 2025 ilianza kuwasindikiza kutoka Goma hadi Kinshasa mamia ya askari na polisi wa Kongo walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, waliokuwa wamejificha katika vituo vya askari wa Umoja wa Mataifa tangu Januari. Huwezi kuifanya kazi hiyo ikiwa jana yake ulimtukana kamanda mmojawapo redioni.

Goma hiyohiyo inaonyesha pia ruhusa inavyokosekana. Mji ulipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, na mlango mkuu wa misaada kwa mashariki yote ya Kongo ukawa umefungwa pamoja nao. Maghala yaliporwa. Bukavu, katikati ya Februari, tani zipatazo 7,000 za chakula cha WFP zilibebwa na waporaji. Chakula chote hicho kilikuwa kimewekwa katika mji mmoja, kwa sababu za kihasibu zinazoeleweka. Vita haviheshimu sababu za kihasibu, na akiba iliyogawanywa mapema kwa vituo vya afya, parokia na misikiti ingekuwa ngumu zaidi kuporwa yote kwa usiku mmoja.

Kuna mahali ambapo kuhamisha watu kunageuka kuwafukuza, na mratibu mwenye nia njema anaweza kuvuka mstari huo bila kujua. Kifungu cha 49 cha Mkataba uleule wa Nne wa Geneva kinaliruhusu jeshi linalokalia eneo kuhamisha raia pale tu usalama wao au ulazima mkubwa wa kijeshi unapodai, kisha warudishwe mapigano yanapokoma katika eneo hilo. Februari 2025, kambi za pembezoni mwa Goma zilizokuwa na mamia ya maelfu ya watu zilipewa saa 72 kuondoka. Wakaambiwa warudi vijijini kwao, ambako wengi hawakujua kama nyumba ipo, na ambako mabomu yasiyolipuka yalikuwa bado shambani. Hata sisi Tanzania tuna la kujibu hapa: Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR zilitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote waondoke kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakavuka Rusumo kurudi, wengi wakisukumwa na askari. Kwa jina ilikuwa hiari.

Upande wa pili wa mstari huo ni mgumu zaidi kuuhukumu. Aprili 2014, mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Waislamu 1,300 hivi wa mtaa wa PK12 walipakiwa kwenye malori na kusindikizwa kaskazini, kwa kuwa wanamgambo walikuwa wamewazingira kwa miezi. Msafara ulipoondoka tu, majirani waliingia kupora nyumba na msikiti. Waliowahamisha waliokoa roho zao, na kwa tendo lilelile wakamaliza kazi ambayo wanamgambo waliitaka. Wapo waliosema bora wangelindwa pale pale. Mtu aliyezingirwa kwa miezi ana haki ya kuchagua kuondoka. Hilo kwangu halina mjadala. Kinachotakiwa ni hati: jina la kila aliyeondoka, nyumba yake namba ipi, kiwanja chake kipo wapi, ili siku ya kurudi isianze na kesi ya ardhi. Kazi hiyo haimgharimu mratibu zaidi ya karani mmoja na daftari, na bado husahaulika.

Fedha nitaipitia haraka, maana mambo yake yanajulikana. Mwaka 2024 Marekani pekee ilichangia kama asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu kwa Kongo. Januari 2025, wiki ileile Goma ilipokuwa inaanguka, serikali mpya mjini Washington ilikuwa imesimamisha misaada ya nje. Katika kambi za Kigoma, mgao wa chakula ulikuwa tayari umeshapunguzwa hadi nusu mwaka 2023. Mfumo unaotegemea mfuko mmoja hauna uratibu wa kuuokoa siku mfuko huo unapofungwa.

Kinachobaki siku hiyo ni watu. Mashariki mwa Kongo, wakimbizi wa ndani walio wengi hawako kwenye mahema. Wako kwenye nyumba za ndugu, marafiki na wasiowajua kabisa, wakigawana sufuria moja na unga mmoja, na mwenyeji huyo hahesabiwi popote kama mfadhili. Kagunga, wenye boti walikuwa wavuvi. Januari 2025, Umoja wa Mataifa ulipowaondoa Goma wafanyakazi wake ambao kazi zao hazikuwa za lazima, wauguzi na madereva wa Kikongo, pamoja na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, walibaki, na ndio waliookota maiti barabarani. Kisha vikao vya uratibu hufanyika kwa Kiingereza au Kifaransa, katika hoteli au ofisi yenye ulinzi, na mwenyekiti wa kitongoji akibahatika hualikwa siku ya ufunguzi.

Wilaya za mpakani kutoka Ngara hadi Kalambo hazina sababu ya kungoja kikao hicho. Orodha ya boti na injini zake, namba za simu za manahodha, bei ya mafuta iliyokubaliwa kabla, visima vinavyoweza kuongezwa pampu, shule na viwanja vyenye choo, na mhudumu wa afya wa kila ufuko: mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuikamilisha kwa mwezi mmoja, kwa bajeti ya posho za semina moja. Mashariki mwa Kongo bado pana vita. Orodha hiyo iandaliwe sasa, na nakala yake akae nayo mwenye boti.